Jua Linatosha: Kupiga Picha Chini ya Maji Toronto Bila Flashi

Mwezi wa Juni jijini Toronto, jua hufika juu kabisa karibu saa saba na robo mchana. Wengi hudhani ni saa sita kamili, lakini saa za majira ya joto husogezwa mbele, na jiji lenyewe liko magharibi ya mstari ambao saa zake zimepimiwa. Wakati huo jua huwa limepanda digrii 70 hivi kutoka upeo wa macho. Kwa mpiga picha wa chini ya maji asiye na flashi, hiyo ndiyo saa ya kazi. Miale huingia kwenye Ziwa Ontario karibu wima, uso wa maji hurudisha sehemu ndogo sana angani, na inayobaki huteremka hadi kwenye mawe ya chini. Jua likishuka hadi digrii 10 jioni, yapata theluthi ya mwanga wake hugonga uso wa maji na kurudi ulikotoka.

Mkazi wa Mombasa hana haja ya kuhesabu hivyo. Pale, digrii 4 tu kusini ya ikweta, jua la adhuhuri halishuki chini ya digrii 62 mwaka mzima. Toronto ni habari nyingine: Desemba jua la adhuhuri hufika digrii 23 tu, na hata kabla ya kuwaza baridi ya maji, mwanga wenyewe hautoshi. Ndiyo maana upigaji picha wa majini huko una msimu kama kilimo, na msimu huo huanzia Juni, ukaishia Septemba.

Kamera zinazohusika hapa ni zile za kawaida. Olympus Tough TG-6, iliyotoka mwaka 2019, huzama mita 15 bila kasha. Kamera nyingi za GoPro, tangu HERO5 ya mwaka 2016, huvumilia mita 10. Wengine hutia simu ndani ya kasha la plastiki lisiloingiza maji na kushuka nayo. Wanachokikosa wote hawa ni zile flashi kubwa zinazofungwa kwenye mikono mirefu pembeni ya kamera, vifaa ambavyo mara nyingi bei yake huipita ya kamera yenyewe. Na kukosa huko si hasara kubwa kama wanavyoaminishwa. Mtu anayejua tabia ya mwanga majini anaweza kutoka na picha nzuri kwa jua peke yake, na maji ya kijani ya Ziwa Ontario, ambayo waliozoea matumbawe huyadharau, yanaufundisha ujuzi huo upesi kuliko bahari angavu.

Somo la kwanza ni rangi. Maji humeza mwanga, na huanza na nyekundu. Kufikia mita 5 sehemu kubwa ya nyekundu imekwisha, kisha hufuata rangi ya machungwa, kisha manjano. Wengi wanalijua hilo, lakini husahau kwamba maji hayajali mwanga unasafiri kwenda upande gani. Miale iliyoteremka mita 3 hadi kwa samaki, kisha ikasafiri mita 2 kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi, imepita ndani ya maji mita 5, na rangi itakayofika ni ya mita 5. Samaki huyohuyo akipigwa akiwa mita 1 chini ya uso, kamera ikiwa nusu mita kutoka kwake, mwanga umesafiri mita moja na nusu tu. Wekundu wa mapezi bado upo. Kamera ni ileile, jua ni lilelile. Kilichobadilika ni urefu wa safari.

Kwa hiyo mpiga picha asiye na flashi hushughulikia vipimo viwili kwa pamoja: kina chake kutoka juu, na umbali wake kutoka kwa kile anachokipiga. Anayeshuka kina kirefu akitafuta makubwa hurudi na picha za buluu au kijani kitupu. Anayebaki kwenye mita 2 au 3 na kusogea karibu, karibu kuliko anavyodhani panatosha, ndiye mwenye picha. Na kukadiria umbali majini kuna mtego wake. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia kwenye hewa iliyo nyuma ya kioo cha miwani, hata kitu kilicho umbali wa sentimita 120 huonekana kama kiko sentimita 90, na kikubwa kwa theluthi zaidi. Mtu anaapa amemfikia samaki, kumbe bado.

Kusogea karibu kuna faida nyingine katika maji yenye chembechembe, na Ziwa Ontario linazo. Flashi ndogo iliyojengwa ndani ya kamera imekaa sentimita chache kutoka kwenye lenzi, hivyo ikiwaka humulika kila chembe iliyo mbele yake na kuijaza picha madoa meupe. Huko chini jambo la kwanza ni kuizima. Mwanga wa jua huja kutoka juu na pande zote, hauzipigi chembe hizo usoni kwa namna ile, na picha iliyopigwa kwa jua katika maji ya ukungu mara nyingi husomeka vizuri kuliko iliyopigwa kwa flashi mbaya.

Historia nayo iko upande wa jua. Mwaka 1893 Louis Boutan, mtaalamu wa wanyama wa baharini, alishuka kwenye ghuba ya Banyuls-sur-Mer kusini mwa Ufaransa akiwa na kamera ndani ya sanduku la chuma aliloliunda kwa msaada wa ndugu yake Auguste. Sahani za picha za enzi hiyo zilikuwa nzito katika kuhisi mwanga, hata picha nyingine ilidai nusu saa nzima ya kuacha lenzi wazi, kamera imetulizwa chini kabisa isitikisike. Hakuna samaki angeweza kukaa tuli muda wote huo. Mawe na mwani vilikaa, na ndivyo vilivyopigwa.

Mwaka 1926, katika visiwa vya Dry Tortugas huko Florida, William Longley na mpiga picha Charles Martin wa National Geographic walipata picha za kwanza za rangi za samaki majini. Wao walihitaji mwanga mwingi mno, wakaupata kwa kulipua unga wa magnesi juu ya chelezo, na Longley aliungua vibaya katika kazi hiyo. Ukisoma habari zao, kamera ya leo inayoongezewa uwezo wa kuhisi mwanga kwa kubonyeza kitufe kimoja inakuwa muujiza.

Mfano wa karibu zaidi na mtu wa kawaida ni David Doubilet, mmoja wa wapiga picha wakubwa wa baharini wa karne hii na iliyopita. Alianza akiwa na umri wa miaka 12 kwenye pwani ya New Jersey, na kamera yake ilikuwa Brownie Hawkeye, sanduku rahisi la watoto, alilolitumbukiza ndani ya mfuko wa mpira unaotumiwa na madaktari wa usingizi. Baba yake alikuwa daktari. Mfuko ulijaa hewa na kumvuta kwenda juu, na picha, kwa maelezo yake mwenyewe, hazikuwa za kujivunia. Lakini aliendelea, na baadaye akawa bingwa wa picha zinazoonyesha nusu maji na nusu hewa katika fremu moja, picha ambazo uhai wake ni jua na anga.

Sasa turudi ziwani. Ziwa Ontario lina kina cha mita 244 mahali penye kina kikubwa, lakini mpiga picha wa jua anaishi kwenye mita 4 za juu, ufukweni. Maji yake ni ya kijani kwa sababu mwani mdogo na mabaki ya majani yaliyoyeyuka humeza buluu pia, si nyekundu peke yake. Kinachobaki katikati ni kijani.

Kijani hicho hata hivyo si kizito kama cha zamani. Mkataba wa mwaka 1972 kati ya Kanada na Marekani ulipunguza fosfeti iliyokuwa ikimwagwa katika Maziwa Makuu. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaingia kome wadogo wenye milia kutoka eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi, waliosafiri ndani ya maji ya uzito ya meli, na nyuma yao wakaja jamaa zao waitwao quagga. Kome mmoja aliyekomaa huweza kuchuja hata lita moja ya maji kwa siku, na wapo kwa mabilioni wasiohesabika. Wamelichuja ziwa kama kifumbu kinavyochuja tui, na chakula cha viumbe wengine wengi kimeondoka humo. Kwa ziwa ni msiba. Kwa mwenye kamera, maji yamekuwa angavu zaidi, na anapofurahia uangavu huo ni vizuri ajue ulikotoka.

Hali ya maji hubadilika siku hadi siku. Wavuvi wa Unguja na Lamu huangalia mwezi, wakajua bamvua litavuruga maji na maji mafu yatayatuliza. Ziwa Ontario halina maji kujaa na kupwa ya kumshughulisha mtu. Huko kinachosomwa ni upepo. Upepo wa magharibi ukivuma siku mbili tatu, maji ya juu yaliyopata joto husukumwa mbali na ufuko wa Toronto, na maji baridi ya kilindini huinuka kuchukua nafasi yake. Ufukwe uliokuwa na nyuzi joto 20 Jumatano unaweza kuwa chini ya 10 Ijumaa, katikati ya Julai. Maji hayo ya kilindini huwa masafi, lakini mtu asiye na suti ya mpira hana dakika nyingi humo. Ubaridi huo jiji limeugeuza kuwa mali: tangu mwaka 2004 mabomba yaliyolazwa kilomita 5 ndani ya ziwa huvuta maji ya nyuzi 4 kutoka kina cha mita 83, na ubaridi wake hupoza majengo ya katikati ya jiji.

Mvua ni adui wa wazi. Baada ya mvua kubwa, mito ya Don na Humber huleta tope, na mifereji ya zamani ya jiji hufurika ikamwaga maji machafu ziwani. Wakazi hushauriwa wasiogelee kwa saa 48, na kamera nayo haina la kuona. Mashariki ya jiji, chini ya majabali ya Scarborough Bluffs yanayofika mita 90, maji huwa ya rangi ya maziwa hata siku ya ukame, kwa kuwa mawimbi hula udongo wa majabali bila kupumzika. Mchanga wa majabali hayo ndio uliosafirishwa na mikondo ya maji kuelekea magharibi na kuumba Visiwa vya Toronto, ambavyo hadi tufani ya mwaka 1858 vilikuwa rasi iliyoungana na nchi kavu. Fukwe za visiwa hivyo zinazotazama ziwa ndizo afadhali. Upande wa bandari ni njia ya feri na boti, wala si mahali pa kuogelea.

Na nini cha kupiga humo? Jibu la kwanza huwa samaki mdogo aitwaye goby mviringo, naye pia mgeni kutoka Bahari Nyeusi, aliyeonekana mara ya kwanza katika Maziwa Makuu mwaka 1990. Urefu wake ni kama wa kidole cha shahada, au mara mbili yake akikua sana. Hana kibofu cha hewa cha kumwelesha, hivyo hukaa juu ya jiwe ameegemea mapezi ya kifuani, na mapezi ya tumboni yameungana kuwa kikombe kinachomshikiza chini. Kichwa ni kikubwa, macho yametokeza juu, midomo minene. Kwenye pezi la kwanza la mgongoni ana doa jeusi la mviringo, kama jicho la tatu. Rangi yake ni ya matope, hivyo ukosefu wa wekundu haumwathiri. Zaidi ya yote hakimbii. Mtu akitulia juu ya mawe, miguu isirushe mchanga, kamera inaweza kumfikia sentimita 15, naye anageuza jicho moja kumtazama mgeni wake.

Kwa samaki wa namna hiyo kamera ndogo inaishinda kubwa. Lenzi ya TG-6 ina hali ya kupiga vitu vidogo inayokubali kitu kilicho sentimita 1 mbele ya kioo. Tabu ni kivuli: ukimkaribia mno unaliziba jua mwenyewe. Mjuzi hulitazama jua kwanza, akaliacha nyuma ya bega moja, kisha akamwendea samaki kutoka pembeni, kimo cha macho yake, kamwe si kutoka juu. Picha ya samaki iliyopigwa kutoka juu huonyesha mgongo wa kahawia juu ya mchanga wa kahawia. Akipigwa usawa wa jicho, nyuma yake hubaki maji ya kijani yaliyofifia, na umbo linajitenga.

Anayetaka makubwa zaidi husafiri kilomita 300 hivi kaskazini-magharibi hadi Tobermory, kwenye ncha ya rasi ya Bruce, mahali ambapo Ghuba ya Georgian inakutana na Ziwa Huron. Hapo pana Fathom Five, hifadhi ya taifa ya majini iliyoanzishwa mwaka 1987, yenye mabaki ya zaidi ya meli 20. Maji yake ni baridi na angavu kuliko ya Toronto. Na moja ya meli hizo imelala mahali ambapo mwenye mrija wa kupumulia na kamera ya kawaida anaweza kuifikia.

Meli hiyo ni Sweepstakes, skuna ya milingoti miwili iliyoundwa Burlington, Ontario, mwaka 1867. Agosti 1885, ikiwa na shehena ya makaa ya mawe, iliumia karibu na Kisiwa cha Cove, ikavutwa hadi ghuba ndogo ya Big Tub, na mwezi uliofuata ikazama hapohapo. Ina urefu wa mita 36 na imekaa juu ya mkuku wake katika maji ya mita 6 hivi, sehemu zake za juu zikiwa karibu zaidi na uso. Boti za watalii zenye sakafu ya kioo hupita juu yake. Si mbali na hapo, katika ghuba hiyohiyo, kuna mabaki ya meli ya mvuke City of Grand Rapids, iliyoungua mwaka 1907.

Mtu wa pwani akiiona Sweepstakes atashangaa mbao. Miaka zaidi ya 130 majini, na ubavu bado umesimama. Bahari ya Hindi isingeiacha hivyo: wadudu wanaotoboa mbao ndio waliowafanya mafundi wa majahazi wavumbue deheni na kuipaka upya kila mara. Katika maji baridi yasiyo na chumvi wadudu hao hawapo, na kuoza kwenyewe kunakwenda polepole. Omo iko wazi, na mashine ya mbao ya kuvutia nanga bado ipo mahali pake. Mataruma yanaonekana moja baada ya jingine.

Mtego wa mahali hapa ni kutaka kuipiga meli yote. Mita 36 za meli zinahitaji umbali, umbali ni maji, na maji ni ukungu wa kijani. Afadhali mpiga picha aichukue omo peke yake, lenzi ikiwa kwenye upana wake wote, kwa kuwa kioo bapa cha kamera hupunguza upana huo majini. Jua likiwa nyuma yake, mishipa ya mbao na vichwa vya misumari hutokeza. Akizunguka upande wa pili na kulielekea jua, rangi hufa lakini umbo huzaliwa: omo inakuwa nyeusi, na miale inapita kando yake kama mistari. Hapo huishusha kamera mwangaza kwa hatua moja ndogo au mbili, la sivyo uso wa maji utaungua kuwa weupe mtupu. Wapiga picha wazoefu huwa na pande zote mbili katika kila safari, na mara nyingi ile nyeusi ndiyo watu wanayoitaka ukutani.

Kutazama juu kuna zawadi nyingine. Kwa sababu mwanga hupinda unapoingia majini, aliye chini huliona anga lote, kutoka upeo hadi upeo, limebanwa ndani ya duara lenye upana wa digrii 97 juu ya kichwa chake. Nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo kinachoonyesha chini. Siku isiyo na upepo, mzamiaji mwenzake akipita ndani ya duara, au mlingoti wa boti ukichungulia, kamera rahisi kabisa hupata picha ambayo hakuna flashi duniani ingeisaidia.

Mwendo nao unataka mwanga. Kwa samaki anayeogelea, kasi ya shata isipungue sehemu ya 250 ya sekunde. Kwa meli iliyolala, sehemu ya 125 hutosha ikiwa mkono umetulia. Kamera nyingi ndogo hazimruhusu mtu kuchagua kasi hiyo, hivyo njia ni kupandisha ISO, yaani uwezo wa kamera kuhisi mwanga, hadi 400 au 800 na kukubali chengachenga kidogo. Picha yenye chenga inatazamika. Picha iliyotikisika haina dawa.

Kuhusu rangi, kifaa kikubwa kimo ndani ya kamera, na wengi hawakigusi. Ni mizani ya weupe, yaani ile mipangilio inayoiambia kamera nyeupe ni ipi. TG-6 ina mipangilio mitatu ya aina hiyo kwa ajili ya vina tofauti vya maji. Njia ya uhakika zaidi ni kushuka na bamba la plastiki jeupe, kulishika mbele ya lenzi katika kina cha kazi na kuiamuru kamera ijipime hapo. Akishuka au kupanda mita mbili tatu, apime tena. Anayeweza kupiga faili ghafi, lile linaloandikwa RAW kwenye menyu, atakuwa na nafasi ya kurudisha nyekundu baadaye kwenye kompyuta, ilimradi kuna nyekundu iliyobaki ya kurudisha. Iliyomezwa yote hairudishwi na programu yoyote; kinachoongezwa ni chengachenga za rangi.

Filta husaidia pia, lakini lazima ifanane na maji. Mwingereza Alex Mustard na mwenzake Peter Rowlands walizipa umaarufu filta za kupigia kwa mwanga wa jua, na kanuni yake ni rahisi: katika maji ya buluu filta huwa ya wekundu, katika maji ya kijani huwa ya rangi ya waridi iliyokolea inayoelekea zambarau. Filta nyekundu iliyonunuliwa kwa safari ya Zanzibar ikitumiwa Tobermory hutoa picha za manjano ya ajabu. Kila filta pia hula nusu ya mwanga au zaidi, hivyo kwenye mita 2 au 3 mizani ya weupe peke yake inafaa kuliko filta.

Sayansi imesogea mbele pia. Mwaka 2019 Derya Akkaynak na Tali Treibitz wa Chuo Kikuu cha Haifa walitangaza njia waliyoiita Sea-thru. Programu hiyo hukokotoa umbali wa kila sehemu ya picha kutoka kwenye kamera, kisha huondoa athari ya maji kwa kadiri ya umbali huo. Picha zilizotumiwa zilipigwa kwa mwanga wa kawaida wa jua. Ni jambo la kutia moyo kwamba utafiti wa hali ya juu kabisa umejengwa juu ya jambo lilelile analohangaika nalo mtu mwenye kamera ya mfukoni: mwanga umesafiri mita ngapi?

Kuna mahali ambapo jua linakoma na hoja yote hii inakoma nalo. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti 1813, tufani ilizizamisha Hamilton na Scourge, skuna mbili za kivita za Marekani, magharibi mwa Ziwa Ontario. Zilipatikana mwaka 1973 zikiwa kina cha mita 90, na mwaka 1982 National Geographic ilizipiga picha kwa mashine zilizoongozwa kutoka juu na taa zilizoshushwa pamoja nazo. Hapo hakuna mjadala kuhusu taa.

Lakini si lazima mtu ashuke hata mita moja. Septemba na Oktoba, baada ya mvua, samoni aina ya chinook hupanda Mto Humber kutoka ziwani kwenda kuzaa, na kwenye bustani ya Étienne Brûlé, karibu na Old Mill, watu hujaa ukingoni kuwaangalia wakiruka vizuizi. Samoni wa asili wa ziwa hili, wale wa Atlantiki, walikwisha kabla ya mwaka 1900 kwa sababu ya mabwawa ya vinu, ukataji miti na uvuvi. Hawa chinook ni wa Pasifiki, walioanza kupandikizwa katika Maziwa Makuu mwishoni mwa miaka ya 1960. Wengine hukaribia urefu wa mita moja, na wakishazaa hufa.

Hapo kifaa ni kamera ndogo iliyofungwa kwenye fimbo ndefu. Mpiga picha husimama ukingoni bila kuingia mtoni, kwa maana nyayo huponda mayai yaliyofukiwa kwenye kokoto, na huishusha kamera kando ya mkondo, ikitazama upande ambako maji yanaelekea, kwa sababu samaki huja wakiwa wameyaelekea maji. Kina ni sentimita 40. Nyekundu yote ipo. Kamera huachwa ikijipigia yenyewe kila nusu sekunde, na kati ya mamia ya picha za mapovu hutokea moja ya taya iliyopinda ya dume, jicho na magamba yaliyochubuka kwa safari.

Kuanzia Novemba hubaki Ripley's Aquarium, iliyofunguliwa mwaka 2013 chini ya mnara wa CN, ambako papa na kasa hupita juu ya handaki la kioo. Flashi huko hujirudi kwenye kioo, hivyo kila mtu amelazimika kuwa mpiga picha wa mwanga uliopo. Lenzi hugusishwa kioo ili kuondoa viwiko, simu na sura za watazamaji zinazojitokeza ndani yake, na mpigaji hulenga moja kwa moja, kwa sababu kioo kinene kikitazamwa kwa mshazari huvuruga umbo.

Desemba ndio mwezi ambao Waafrika Mashariki wengi wa Toronto hufunga mizigo kwenda kusalimia nyumbani, na kamera iliyozoeshwa maji ya kijani huenda nao. Kaskazi imeanza, maji ya pwani yanaanza kutulia. Watamu, hifadhi ya majini tangu mwaka 1968, na Chumbe, kisiwa ambacho miamba yake hutazamwa kwa mrija tu bila mitungi ya hewa, zote zina matumbawe kwenye mita 1 hadi 3. Mizani ya weupe ipimwe upya siku ya kwanza, filta ya waridi ibaki sandukuni, na kamera ifungwe asubuhi ndani ya chumba kikavu, na kifuko cha silika kiwekwe ndani ya kasha, kwa sababu hewa yenye unyevu ya Watamu ikifungiwa humo hugeuka ukungu juu ya lenzi mara tu kasha linapogusa maji. Saa ya kuingia huko ni karibu saa sita na robo mchana, jua likiwa digrii 70, sawasawa na Toronto mwezi wa Juni.